Binti wa Kwanza wa Daisy

Nina miaka sabini na mmoja, nimekuwa nesi maisha yangu yote, na sipendi kuamrishwa. Ndiyo maana simu ya Daisy ilinipandisha mori.

"Peris, nakuomba. Itoe hiyo sentensi."

Kikundi chetu cha maigizo hapa ughaibuni, Thornton Heath, huigiza maisha ya wazee waliopenda watu wa jinsia yao, na kesho yake ilikuwa zamu yangu. Jina la Daisy nilikuwa nimelibadilisha, hata mji wake. Kitu kimoja tu nilikiacha kama kilivyo: kwamba mwanamke niliyempenda, alipoolewa, alimpa binti yake wa kwanza jina langu.

Kwetu Wakikuyu, binti wa kwanza huitwa jina la mama wa mume. Daisy alikataa katakata, na mama mkwe akakaa miaka sita bila kumsemesha. Daisy husali nasi, na hakuna mama kanisani kwetu asiyejua ugomvi huo, na karibu wote walikuwa wamechukua tiketi, waje kunishangilia au kunichungulia, sijui.

"Nina wajukuu," Daisy akasema. "Nina mzee mgonjwa kwa nyumba. They'll know, Peris. Watajua ni mimi."

"Na mimi nina nini?"

Jina lile ndilo kitu pekee Daisy alichowahi kunipa mbele za watu. Nilimchukia, na bado nilimpenda.

Mwelekezi wetu, Manish, mzaliwa wa Kisumu, aliniambia, "Mama, story ni yako. Ukisema ikae, itakaa." Nikamkasirikia naye, maana nilitaka mtu wa kunilazimisha. Dakika kumi kabla ya kuanza nilimwambia Poonam, msichana aliyeniigiza, airuke sentensi ile.

Akairuka. Mchezo ukaendelea vizuri tu, na hilo liliniuma zaidi.

Baadaye, wakati wa chai, akina mama wa kanisa walinizunguka. Wawili hawakutaka kunipa mkono. Mama Eddie alishindwa kujizuia.

"Na huyo mwanamke yuko wapi siku hizi?"

"Alikufa," nikasema.

Basi wakaanza kunipa pole mmoja mmoja, kama tuko matangani. Daisy alikuja wa mwisho. Alinishika kwa mikono yote miwili, macho makavu.

"Pole sana, Peris," akasema, wote wakisikia. "Mungu amlaze mahali pema."

Wakaitikia amina, nami nikaitikia nao.