Dakika Nne Juu ya Barafu

...na asitikisike, asihamishe hata kisigino, kwa sababu kamera na miguu yake mitatu imesimama juu ya barafu ileile aliyoikanyaga yeye, ukisogeza uzito kidogo tu picha nzima inatoka na ukungu, dakika nne kwa picha moja, kioo cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi, lenzi wazi muda wote huo, maji ya kijito yanashuka katikati ya theluji, ndani ya picha yatakuwa laini kama maziwa, sekunde arobaini zimeshapita, na nyuma yake, kwenye nchi kavu, Reino mumewe anakanyagakanyaga theluji kujipasha moto na anamwambia... anasema nini? anasema amempigia mama yake simu, kule Calumet, amemwambia mwezi wa nne watahamia kwake, nyumba yao itauzwa, "Mama kafurahi kweli, Aila, ameshaanza kukutolea nafasi kabatini," kabatini, yaani lile la chumba cha nyuma, linalonuka dawa ya nondo, Aila analijua, alilala chumba hicho wiki mbili mama mkwe alipovunjika nyonga, wiki mbili za mkate wa iliki na kuulizwa kila asubuhi kama hiyo kamera ni kazi au ni mchezo, na sasa si wiki mbili, ni maisha... dakika moja na sekunde ishirini... ana hasira, vidole vya miguu vimekufa ganzi ndani ya buti za mpira, na mbona huyu mtu makubwa yake yote huyaleta lenzi ikiwa wazi, hata lile la daktari, kwamba waache sasa kuhangaika kutafuta mtoto, alilisema hapahapa, mwaka juzi, na Aila akameza machozi mpaka picha ikaisha, na picha ikiisha Reino huokota mkoba na kusema basi tumekubaliana... nani kakubaliana? miaka tisa ndiyo sheria yao, lenzi ikiwa wazi Aila hasemi, na sheria hiyo kaitunga nani, kaitunga yeye mwenyewe, alipokuwa mgeni wa kamera, akiogopa hata kupumua, na kumbe... dakika mbili na nusu... kumbe Reino anaongea, anapiga chafya, anaimba wakati mwingine, na hakuna picha hata moja iliyoharibika kwa sauti yake, maji yenyewe yanapiga kelele kuliko mtu, sauti haitikisi barafu, ni mguu tu, ni uzito tu, Mungu wangu, miaka tisa kaufunga mdomo bure, "Haya, hujasema kitu," anasema Reino, "basi tumekubaliana," na Aila, visigino palepale, magoti palepale, macho kwenye maji, anasema, "Mimi siendi, Reino," na nyuma yake theluji inaacha kukanyagwa, anasikia pumzi ya mumewe, hageuki, anaitazama kamera, haijatikisika hata kidogo, bado sekunde hamsini, na ana mengine ya kusema...