Usivue Viatu

Kwa Wasamoa wa mji wa Logan, mgeni aliyekula kwako haondoki mikono mitupu. Ndiyo maana Bibi Fuatino, baada ya muuza mashine za kufagia kuganda sebuleni kwake alasiri nzima na kufuta sahani mbili za magimbi ya nazi, aliona haya kumkatalia. Akatia saini mkataba wa kununua mashine.

Kesho yake binti yake Sieni alimcheka. "Mama nawe! Sheria inakupa siku kumi za kazi za kughairi, na huulizwi sababu."

Fuatino akapiga simu palepale, akavunja mkataba.

Jioni yule muuzaji alikuwa mlangoni, ameshainama kufungua kamba za viatu. "Mama, tuzungumze ndani kidogo tu."

"Usivue viatu, mwanangu. Mkataba nimeshauvunja. Mashine yako hiyo hapo."

"Lakini jana si tulikubaliana vizuri?"

"Jana ulikuwa mgeni. Leo umekuja kunibembeleza."

Akaenda jikoni, akarudi na magimbi ya moto yaliyofungwa vizuri, akamwekea juu ya mashine yake.

"Haya, usije ukasema umetoka kwangu mikono mitupu."