Kivuko Kinamsubiri Mkurugenzi

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni Mkurugenzi wa Usafiri, na ukimsikia redioni utadhani mji wetu mdogo wa bandari uko katikati ya dunia. Unafikika, husema, kwa barabara, reli, anga na maji. Barabara ipo, daraja ndilo lililokwenda na mvua. Treni ipo, inabeba saruji tu. Uwanja wa ndege upo pia, na wanaojifunza udereva wanausifu sana. Kinachobaki ni kivuko, nacho huondoka Mkurugenzi akipenda.

Wala simsingizii. Gari lake jeusi la vioo vya giza lisipoingia, nahodha hawashi injini. Shemeji ametuanika juani miaka nenda miaka rudi, na hajawahi hata kushusha kioo atusalimie. Nahodha mwenyewe analijua gari, mtu hamjui.

Sasa binti yake wa pekee akaitwa kwenye usaili wa kazi ng'ambo ya maji. Usaili wa kwanza ulimpita akiwa kwenye kivuko hiki hiki, na safari hii walimwambia akichelewa asihangaike kuja. Baba yake akasema atamsindikiza mwenyewe. Gari lilikuwa gereji, kwa hiyo tulikwenda kwa miguu sisi watatu, mapema, tukabanana kwenye benchi la abiria. Shemeji alikuwa akishangaa huku na huku kama mgeni.

Saa ya kuondoka ikafika, ikapita. Binti akamuuliza baharia kulikoni.

"Tunamsubiri Mkurugenzi," akajibu. "Gari lake bado."

Shemeji akafungua mdomo aseme, lakini mama mmoja mwenye tenga la nyanya akamuwahi.

"Mtu yule hana haya. Mwezi jana nyanya zangu zote ziliniozea hapa hapa."

"Atakuwa bado amelala," akadakia fundi mmoja mwenye begi la vifaa. "Siku nikimtia machoni, atanitambua."

Mdomo wa shemeji ukajifunga wenyewe. Fundi akamgeukia. "Au nasema uongo, mzee?"

"Hapana," akasema shemeji. "Ni kweli kabisa."

Nilimkanyaga mguu. Binti akamnong'oneza, "Baba, sema basi."

"Ngoja kwanza, mwanangu. Watulie."

Hawakutulia. Kila aliyekuwa na lake dhidi ya Mkurugenzi alilitoa, na hakuna aliyekosa. Shemeji akabaki anakagua viatu vyake. Ningeweza kusema mimi, lakini nilikuwa nimejaa hasira, nilitaka kinywa kile kinachotamba redioni kifunguke chenyewe.

Mwishowe binti akasimama, machozi yanamlengalenga, akaenda hadi kwa nahodha. Wote tulimsikia.

"Msimsubiri tena. Mkurugenzi amefariki asubuhi hii. Mimi ni binti yake."

Nahodha akavua kofia, akaivaa tena, akawasha injini. Watu walinyamaza kwa heshima ya msiba, ila heshima yenyewe haikufika mbali. Mama wa nyanya alimshika binti mkono akampa pole ya dhati, kisha akamwambia jirani yake kwamba leo atawahi soko. Fundi akasema kuanzia sasa huenda hata watoto wakawahi shule. Nyuma huko mtu alicheka, wala hakuna aliyemkemea.

Tulipokaribia ng'ambo muda ulikuwa bado upo. Binti alinawa uso kwa maji ya chupa, akajipanga mlangoni awe wa kwanza kushuka. Hakugeuka kututazama.

Mama wa nyanya akamwona shemeji macho mekundu, akamsogelea kwa huruma.

"Pole, baba. Kumbe ulimjua marehemu?"

"Kwa mbali tu," akasema shemeji.

"Basi usijitese," akasema yule mama, akijitwisha tenga lake. "Hata sisi hatukumjua."