Nyuso Zilizotazama Ukuta

Ijumaa, tarehe kumi na nne Julai, baada ya adhana ya alasiri, mambo ya Harub yaliharibika, na yeye mwenyewe akadhani ndiyo kwanza yanatengenea.

Alikuwa peke yake ndani ya nyumba kongwe ya udongo, mjini Nizwa, iliyogeuzwa ya maonyesho, akilinda picha za Kijapani: karatasi zilizopigwa chapa kwa vibao vya mti, zenye wachezaji wa tamthilia yao ya kale, Noh, wamevaa barakoa. Vioo vya kuzifunika havijafika. Ukuta ulisiribwa chokaa ya juss juzi tu, bado watoka jasho. Wakubwa wakasema zitundikwe hivyo hivyo, wageni waja. Wakubwa ndio hao hao. Hospitali nako mkubwa alimwambia Ghaniya, mkewe, angoje kitanda. Akangoja kwenye benchi mpaka roho ikamtoka.

"Usitoke, ami, hata kwa sala," Muadh, msimamizi, alikuwa amemwambia. "Sali humo humo."

"Na mashetani haya?"

"Karatasi hizo. Au waogopa watakushika mguu ukirukuu?"

Naam, aliogopa. Mmoja ana pembe na meno ya dhahabu, na macho yake yaliufuata mswala kila alipoutandika. Mtu hasali mbele ya nyuso. Basi akazigeuza moja moja, zile zilizomkodolea macho, zikatazama ukuta. Akasali kwa utulivu. Alipotoa salamu, mikono ikakataa kuzirudisha. Alisema moyoni atazigeuza Jumapili, kabla wageni hawajafika.

Jumapili asubuhi aliishika ile yenye pembe. Imegandana na ukuta. Akaibandua taratibu, ikatoka na sauti ya bendeji kwenye kidonda kibichi. Rangi ikabaki ukutani. Uso ukawa doa. Ya pili vile vile, na zote alizozigeuza. Watamfunga. Wasipomfunga watamtoa chumba cha uani alichopewa alale, na hana kwengine pa kulaza ubavu.

Muadh aliingia, akaona, akakaa chini sakafuni na kanzu yake nyeupe ya dishidasha.

"Umegeuza?"

"Nimegeuza."

"Hukugeuza. Sikia, ami. Ni unyevu. Ukisema umegeuza, mimi nitaulizwa nani katundika juu ya juss mbichi. Sote tutasema unyevu, yaishe, khalas."

Mara ya kwanza mkubwa kumwomba yeye kitu. Harub akaitikia kwa kichwa.

Bi Noriko, mwenye picha, alifika na Khulood, binti wa ofisini, mkalimani wake.

"Shikamoo, ami," Khulood akamwamkia Harub.

"Marahaba." Sauti yake hakuijua.

"Ni unyevu," Muadh akasema. Khulood akatafsiri.

Bi Noriko alipita picha hata picha, mikono nyuma, kama mtu anayetambua maiti. Kwenye ya mwisho akasimama. Hiyo nzima: msichana wa barakoa nyeupe, hacheki wala halii, kope kaziteremsha kama Ghaniya pale kwenye benchi, maumivu yake yasionekane.

Akasema neno, polepole. Khulood akamtazama Muadh, kisha Harub.

"Anasema unyevu ungeanzia mgongoni. Hizi migongo mizima, nyuso ndizo zilizokufa. Anajua ziligeuzwa." Akamgeukia Harub. "Lakini hilo halimshughulishi sana. Anauliza, ami, huyu mmoja, kwa nini hakugeuzwa?"