Ufunguo Wenye Urefu wa Shairi

Mwaka jana, kwenye mashindano ya mashairi ya Iguguno, mshindani wangu Leonard alisoma mistari yangu kabla sijapanda jukwaani. Aliichota kwenye kompyuta ya duka la Bijal mjini Singida, tunakochapia sote wawili. Alipigiwa makofi, mimi nikaonekana mwigaji. Mwaka huu niliapa hapati hata silabi.

Nikajifunza XOR, hesabu ya kompyuta ya kuficha maandishi, nikaandika programu ya mistari kumi na miwili. Kila herufi ya shairi inachanganywa na herufi ya ufunguo, inatoka takataka. Ichanganye takataka na ufunguo uleule, shairi linarudi. Ufunguo wangu ulikuwa "alizeti", ukijirudia mpaka mwisho wa shairi.

"Hii hata serikali haifungui," nilimwambia Bijal.

"Serikali ina kazi nyingine. Nipe mimi."

Chai yangu haijapoa, akasema, "Alizeti. Mkulima wewe."

"Umejuaje?"

"Mashairi yako yote yanaanza 'Mimi Antipasi wa Sepuka'. Nimechanganya maneno hayo na takataka yako, ufunguo ukajitokeza, alizeti, alizeti, alizeti. Na Leonard anakujua kuliko mimi."

Ilikuwa Alhamisi. Mashindano ni Jumamosi.

"Toa jina hapo mwanzo," akasema.

"Jina silitoi. Vina nimejifundisha mwenyewe nikichunga mbuzi. Anayenisikia ajue anamsikia nani."

"Haya, mheshimiwa. Basi ufunguo uwe mrefu sawa na shairi, wa herufi za ovyo, na usiutumie mara mbili. Hapo nikijua mstari wa kwanza, nimeishia hapohapo. Ila ukiupoteza, hata wewe shairi hulioni tena."

Tukatengeneza ufunguo wa herufi mia saba. Nikaubeba kwenye flashi shingoni, nikafuta shairi la wazi, nikaliacha lililofungwa palepale kwenye kompyuta. Ijumaa Leonard alikaa nalo kwa muda wa saa mbili, akaondoka bila kumuaga Bijal.

Jumamosi asubuhi nililifungua, nikachapa nakala ya majaji, nikapanda gari la Iguguno. Leonard alitangulia kusoma, kitu chake cha zamani kuhusu mvua. Mimi niliposoma, alisikia kila mstari kwa mara ya kwanza, kama watu wengine.

Nilipopewa ushindi alinifuata. "Ulilifungaje, Antipasi?"

Nikamweleza mbele ya watu, programu yote, mstari kwa mstari.

"Na ufunguo?"

"Ule nimeufuta. Wa shairi lijalo, hata mimi siujui bado."