Zamu ya Mzee Kibii

Mzee Kibii hakuwa na mke tena, hakuwa na sofa wala vikombe vya kutosha wageni, wala mguu wa kumfikisha kanisani tangu aanguke kwenye ngazi. Alikuwa na chumba kimoja huko Kiamunyi, na watu wa ushirika waliokuja kila siku kumpikia, kumfulia na kumwombea.

Ibada ya Jumatano ilizunguka nyumba kwa nyumba. Zamu yake ilipofika, alirukwa.

"Wamuyu, wiki hii ni kwangu," alimwambia mwenyekiti wao, aliyekuwa akipiga deki.

"Mzee, wewe pumzika tu. Tutakaa wapi, juu ya kitanda?" Wamuyu akacheka. "Hebu inua mguu nipitishe kitambaa."

Akainua. Kila alipotaka kubisha waliweka sahani mbele yake, na ni vigumu kugombana na anayekulisha. Alihisi amefungiwa ndani ya wema wao. Amegeuka mtu wa kuombewa; hakuna hata mmoja aliyemletea shida yake.

Wamuyu alipoondoka, alichukua kalamu.

"Nawashukuru kwa yote. Lakini mkiniruka tena, msiniletee chakula. Jumatano nitawapokea mimi, na maombi nitaongoza mimi. Atakayekosa pa kukaa atasimama. Naomba barua hii isomwe Jumapili mbele ya wote."

Aliisoma mara moja. Kisha akailamba bahasha, akaifunga, akamwita mtu wa bodaboda aipeleke kwa karani wa kanisa.