Kompyuta ya Kimya Haipokei Wageni

Fundi vioo huyu mtaa mzima ulimwita Kimya, na jina lilimkaa barabara. Ukimpelekea dirisha lililovunjika atapima, atakata, atapachika, na mazungumzo yenu yote yatakuwa "ehe" na "sawa". Mama mkwe wake, ambaye alikuja kukaa kwao wiki moja na sasa yuko mwaka wa tatu, alikuwa akisema binti yake ameolewa na kabati.

Basi asubuhi hiyo Kimya alikuwa ameinama chini ya meza ya kompyuta, huko stoo, jasho linamtoka, akijifanya anakagua waya. Narudia: akijifanya. Maana kilichoharibika alikijua kuliko mtu yeyote, kwa sababu alikiharibu mwenyewe.

"Baba, vipi huko?" binti yake aliuliza kutoka sebuleni, kwa sauti ya kukwaruza kama jogoo mwenye mafua. "Huku bado inakataa!"

Kituo kimoja cha redio kilikuwa kinatafuta msichana wa kutangaza mpira. Anayejiamini atume sauti yake akitangaza mechi yoyote, hata ya kubuni, na mwisho wa kupokea ulikuwa leo saa sita mchana. Binti alijifungia stoo jana, akajirekodi kwenye kompyuta kuukuu ya baba yake, na bao lilipoingia akalishangilia kwa nguvu zote, sauti ikamkauka. Kurudia haikuwezekana tena. Mechi ilikuwa ile ile moja, nayo imo ndani ya kompyuta ya stoo, wakati intaneti iko kwenye laptopu ya sebuleni.

Kompyuta zote mbili zilikuwa kwenye ruta moja. Laptopu iliiona kabisa kompyuta ya stoo, na jina lake ikalionyesha. Lakini ukibonyeza kuingia, unajibiwa huna ruhusa. Ukibonyeza tena, huna ruhusa.

Mtasema si achukue flashi? Hee! Mwaka juzi flashi ya kuazima ilileta virusi humo ndani, na Kimya, kwa hasira, alichukua silikoni ya kupachikia vioo akaziba matundu yote ya flashi. Aliziba kifundi, sindano haipiti. Binti alijaribu pia kurekodi kwa simu kutoka kwenye spika, ikatoka kama mtu anatangaza akiwa ndani ya pipa.

Sasa sikilizeni siri ya Kimya. Mtu huyu ambaye hata salamu anaitoa kwa mkopo, kila jioni akirudi kazini hujifungia stoo "kutengeneza hesabu za vioo", kisha anavuta maiki na kutangaza mpira. Kwa kunong'ona! Na wachezaji wake ni watu wa nyumba hiyo hiyo, na yeyote aliyewahi kupita mlangoni. Mechi tele alikuwa amezirekodi. Siku moja, katika kubonyeza bonyeza, akaifungua diski nzima kwa mtandao wa nyumba, kila kilichomo kikaonekana kwenye laptopu ya sebuleni. Nusura azimie. Kufunga alikofungua hakujui, basi akaweka programu ya ulinzi, ile wanayoiita faiwoli, yeye akaipa jina Askari, na kuiamuru: hatoki mtu, haingii mtu, hata intaneti isibishe hodi.

Kwa hiyo akimwondoa Askari, faili la binti litatoka, na mechi zote za baba zitaanikwa sebuleni, mbele ya mama mkwe. Na katika mechi hizo mama mkwe alikuwa golini.

"Nadhani ni ruta," Kimya alisema. Akaizima, akaiwasha. Akachomoa waya, akaupuliza, akaurudisha. Akaipangusa kompyuta vumbi kwa shati lake mwenyewe.

"Mume wangu, hiyo kompyuta unaitengeneza au unaiogesha?" mkewe alimwuliza akiwa amesimama mlangoni.

"Kinachoumwa ni nini hasa?" Mama mkwe naye akafika na kiti chake kabisa, akaketi kama aliyekata tiketi. "Mkwe wangu, si uipige kidogo ubavuni? Redio yangu huwa inasikia."

"Ehe, Mama," alisema Kimya, akaipiga ubavuni kwa heshima.

Binti akajaribu tena. Huna ruhusa. Akaitazama saa ya ukutani, akaitazama laptopu, kisha akaifunika taratibu.

"Basi, Baba," alisema. "Umehangaika sana. Labda hii kazi si yangu."

Loh! Maneno hayo yalimwingia Kimya mpaka kwenye mifupa. Alimwona mwanawe amekaa pale, mikono mapajani, anamshukuru mtu anayemnyima. Akajionea aibu kuliko aibu yoyote ambayo mama mkwe angeweza kumpa.

"Ifunue hiyo laptopu!" alisema, akarudi stoo karibu anakimbia. Askari akamuuliza: una hakika unataka kuzima ulinzi? Kimya akafumba macho, akabonyeza ndiyo.

"Imefunguka! Baba, imefunguka!"

Faili likavutwa, likaja linajikongoja, mstari wa kijani ukisogea kwa maringo, bibi yake akiuhimiza "njoo mwanangu, njoo". Likafika. Likatumwa. Redio ikajibu kuwa imepokea, saa sita ikiwa inakaribia kugonga, na sebule ikalipuka. Mama akaruka, bibi akapiga vigelegele, binti akajaribu kupiga kelele ikatoka hewa tupu, wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kimya alibaki mlangoni mwa stoo kama mtu anayesubiri hukumu.

"Baba," binti aliinamia laptopu, "hii 'Fainali ya Jikoni' ni nini? Na hii 'Mama Mkwe Golini'?"

"Mama mkwe yupi?" aliuliza bibi.

Binti akabonyeza. Ikasikika minong'ono ya moto kabisa:

"Naam wasikilizaji, mke wangu anauchukua mpira pale karibu na jiko, anampiga chenga fundi bomba, fundi bomba yuko chini, jamani, mwanamke huyu ana kasi! Anaachia shuti! Golini yupo mama mkwe... oooh, ametulia tu! Mama huyu wasikilizaji hadaki mpira mpaka umwamkie kwanza!"

Kisha bibi akaanza kutikisika. Alicheka mpaka kiti kikalia, akajifuta machozi kwa upindo wa nguo. "Na usiponiamkia siudaki!" alisema. "Haki ya Mungu siudaki! Weka nyingine!"

"Mimi nasikia minong'ono stoo kila siku," mkewe alisema, amejishika kiuno, "najua ana mwanamke. Kumbe ana timu nzima!"

Kimya alitamani sakafu immeze, na hapo hapo alitamani kucheka, vikagombana usoni.

"Baba," binti alisema, "kati ya stoo na chumba changu ni ubao tu. Nakusikia tangu nikiwa darasa la kwanza. Ulidhani mpira nimejifunza wapi?" Akabonyeza faili lake mwenyewe, lile lililotumwa redioni.

"Dakika za lala salama, wasikilizaji, na kocha anafanya mabadiliko! Anaingia fundi vioo, jezi namba tisa! Miaka yote huyu amekaa pembeni anawatangaza wenzake, hata siku moja hajajipanga mwenyewe, leo ameitwa! Mpira unamwendea, anautuliza kifuani, uwanja mzima umesimama..."

Ilikuwa kweli. Katika mechi zake zote Kimya hakuwahi kujipa hata pasi moja. Machozi yakamtiririka waziwazi, mbele ya mama mkwe, wala hakuyafuta.

"Amefunga?" bibi aliuliza, amemshika mkono. "Mkwe wangu, umefunga?"

"Tulieni basi, Mama!" alisema Kimya, kwa sauti kubwa ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia. "Tulieni tumsikilize mtangazaji!"